Vesta ukiwa Dar: inaonekana, lakini usitarajie kuiona ikijizungusha

Mkuu umeuliza mawili: kama asteroidi Vesta (moja ya miamba inayolizunguka Jua) inaonekana kutoka Dar, na nani alijuaje kwamba inalizunguka Jua kwa miaka mitatu na ushee huku yenyewe ikijizungusha kwa saa tano tu.

Inaonekana. Mimi huitazamia juu ya paa, Kigamboni, kwa darubini ya macho mawili ya 10x50. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, usiku wa manane inakuwa juu sana, pengine utosini kabisa. Usisimame, utaumia shingo bure. Tandika mkeka ulale chali. Utakachoona ni nukta, basi. Chora nyota za jirani kwenye daftari, urudie baada ya siku mbili tatu: nukta iliyohama ndiyo yenyewe. Ikiwa karibu nasi utaiona inarudi nyuma kuelekea magharibi. Hairudi popote, Dunia ndiyo inaipita, kama uko kwenye mwendokasi barabara ya Morogoro unaitazama daladala mliyoiacha.

Hiyo miaka ni hesabu ya mwanaastronomia Kepler: umbali kutoka kwenye Jua, ukilinganishwa na wetu, uuzidishe kwa wenyewe mara tatu, kisha kipeuo cha pili ndiyo miaka. Umbali wake wa wastani kutoka kwenye Jua ni mara 2.36 ya wetu. 2.36 × 2.36 × 2.36 ni kama 13.1, kipeuo chake cha pili ni miaka 3.63.

Utamu uko kwenye kujizungusha. Wanapima mwanga wa hiyo nukta usiku kucha. Asteroidi nyingi ni ndefu-ndefu, kwa hiyo katika mzunguko mmoja mwanga hupanda mara mbili, kila ubavu mpana unapotuelekea. Vesta, yenye kipenyo cha kilomita 525 hivi, inakaribia kuwa duara. Mwanga wake hupanda mara moja tu kwa sababu upande mmoja wa uso wake ni mweupe kuliko mwingine. Ndiyo maana wataalamu walibishana: ni saa 5 na dakika 20 (kama mwanga hupanda mara moja kwa mzunguko), au saa 10 na dakika 40 (kama hupanda mara mbili)? Ikashinda ya kwanza, na chombo cha anga cha NASA kiitwacho Dawn kilikaa huko 2011 hadi 2012 kikiipiga picha kwa karibu.

Yaani ukianza kuhesabu saa 1:00 usiku, mzunguko unaisha saa 6:20, na wa pili saa 11:40 alfajiri. Ila badiliko la mwanga ni dogo mno, jicho halilinasi.

Ilenge inapokuwa mkabala na Jua (Dunia ikiwa katikati), kila baada ya siku 504 hivi. Stellarium, programu ya ramani ya anga, itakupa tarehe. Ikiangukia masika, pole.