Waimbaji watano, maleba tele

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni fundi cherehani, mzaliwa wa Tanga, sasa naishi Jersey City. Vijana wanne wamenipa kazi ya kushona maleba ya onyesho lao dogo la nyimbo na vichekesho kuhusu maisha ya mashoga, maisha yao wenyewe. Kila nikiwapima wananitajia When Pigs Fly. Ni onyesho gani hilo, nami nianzie wapi?
Fundi, Jersey City

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kazi. Jina hilo ni msemo wa Kiingereza: nguruwe wakiruka angani, kama sisi tunavyosema punda akiota pembe. Ndani ya onyesho hilo la nyimbo na vichekesho, ndivyo mshauri wa wanafunzi anavyomkatisha tamaa kijana Howard, anayeota kuwa mtu wa jukwaani. Na Howard alikuwepo kweli: Howard Crabtree, mbunifu wa maleba wa New York. Mark Waldrop aliandika vichekesho na maneno ya nyimbo, muziki ukatungwa na Dick Gallagher. Onyesho lilifunguliwa Agosti 1996 katika Douglas Fairbanks Theater, ukumbi mdogo wa Barabara ya 42, likachezwa mara 840. Na waigizaji ni wanaume watano tu!

Crabtree hakuliona likifunguliwa. UKIMWI ulimchukua Juni mwaka huohuo, maleba ameshayamaliza. Mimi fundi mwenzake hilo linanichoma. Mtu anaumwa, na bado anaunda kiwiliwili cha farasi ili mwimbaji atoke nusu mtu nusu mnyama, watu wacheke.

Lakini si kicheko kitupu. Ndani yake kuna wimbo wa mtoto anayechaguliwa wa mwisho timu zikigawanywa uwanjani. Mdogo wangu wa kiume alikuwa mtoto huyo. Alikuwa akirudi nyumbani jezi imenyooka vilevile nilivyoipiga pasi asubuhi, nami kwa miaka nikamsifu kwa usafi. Nilichelewa sana kuelewa.

Sasa kwako. Usianze na kitambaa, anza na karatasi: nani anaingia, nani anatoka, katika wimbo gani. Vijana wanne wakicheza nafasi ishirini, muda wa kubadili nguo ni beti mbili za mwenzao. Sahau vifungo vya mgongoni. Tia velkro, ule utepe wa kunatishana, na kiunoni lastiki. Nyuma ya pazia litandaze vazi sakafuni likiwa wazi, viatu katikati. Mwimbaji anakanyaga ndani, wewe unapandisha, unabana, anatoka. Velkro ina kelele, basi patana na mpiga kinanda akaze mkono hapo.

Kabla ya kukata, waulize kila vazi linamhusu nani. Watakwambia mengi, maana ni mambo yaliyowapata. Sikiliza ukiwa umeiweka chini tepu yako.

Halafu wapime tena, safari hii wakiwa wameinua mikono. Ndivyo watakavyoimba.