Kuomba msaada kwa Kiingereza cha kila siku

Wiki yangu ya kwanza kazini, kwenye nyumba ya kulelea wazee huko Leeds, mama mmoja niliyekuwa naye zamu alichungulia mlangoni akaniambia, "Give us a hand, love." "Us" nilijua ni "sisi", nikageuka nyuma kuangalia hao wengine wako wapi. Hakukuwa na mtu. Alikuwa anajisema yeye mwenyewe. Kaskazini mwa Uingereza "us" mara nyingi ni mimi tu, na hiyo "love" ni kama muuza vitenge wa Kariakoo anavyokuita "kipenzi" ilhali hamjuani. Alitaka nimsaidie kumhamisha bibi mmoja kutoka kitandani hadi kwenye kiti, kwa ile mashine ya kunyanyulia wagonjwa, ambayo pale kazini kwetu hairuhusiwi kuitumia ukiwa peke yako.

Kesho yake ikawa zamu yangu kuomba. Kiingereza nimekisoma miaka mingi na barua za maombi ya kazi nimeandika hadi nikachoka. Basi nikaenda mpaka chumba cha chai nikasema, "Excuse me, I kindly request your assistance." Yule mama aliweka kikombe chini akatoka mbio. Alidhani kuna mzee ameanguka. Mimi nilikuwa nataka mtu wa kunishikia upande wa pili wa shuka.

Tangu siku hiyo nikaanza kusikiliza kwa makini wenzangu wanavyoombana. Kiingereza tulichopewa darasani ni cha barua. "Request", "assist" na "kindly" vinafaa ukimwandikia mkurugenzi, lakini ukimwambia mwenzako kwa mdomo, anahisi ama kuna jambo kubwa, ama umemkasirikia. Ombi dogo linataka maneno madogo.

Kwa kazi za mikono, kubeba, kushika, kusukuma, "Can you give me a hand?" inatosha. Ukitaka kutaja kitu chenyewe, sema "Can you give me a hand with this bed?" Kama umekwama kwenye jambo la kichwa, mfano kompyuta imegoma au fomu haieleweki, sema "I'm a bit stuck. Can you help me out?" Hiyo "a bit" ndiyo "kidogo" yetu. Nani kwetu anasema "nisaidie" kavukavu? Tunasema "nisaidie kidogo", hata kama kazi yenyewe itakula nusu siku. Ndivyo ilivyo pia kwa "Have you got a sec?" Sekunde hiyo ni ya jina tu.

Wengi wanaiogopa "I was wondering if you could..." kwa sababu wanaona wakati uliopita wakati wao wanaomba sasa. Hebu jisikilize unapoingia ofisini kwa mtu: "Samahani, nilikuwa naomba unisaidie..." Ulikuwa unaomba lini? Unaomba muda huohuo, ila umeirudisha nyuma ili ombi lisimwangukie mtu usoni. Kumbe adabu hiyo tunayo tayari. "I was wondering if you could cover my shift" ni "nilikuwa naomba unishikie zamu yangu", basi.

Kinachotuponza zaidi ni "please". Kiswahili kimeweka adabu ndani ya kitenzi: ukisema "naomba maji", umeshamaliza. Ukiibeba hiyo kwenda Kiingereza kama "Give me water", adabu imebaki njiani na msikilizaji anasikia amri. Sema "Can I have some water, please?"

Na kuazima. "Borrow me your pen" nimeisikia kwa Waswahili wenzangu wengi, na naelewa inakotoka, maana kwetu neno ni hilohilo: "niazime kalamu", "nimeazima kalamu". Waingereza wamegawana: anayetoa ni "lend", anayechukua ni "borrow". Shika "Can I borrow your pen?" utakuwa salama daima. Usiseme "Help me with a pen" kwa sababu tu kwetu tunasema "nisaidie kalamu". Watadhani kalamu yako imeharibika.

Sasa "Would you mind". Jioni moja muuguzi wa zamu aliniuliza, "Would you mind staying an extra half hour?" Nikajibu "Yes!" kwa moyo wote. Akasema "Oh, okay," akaenda kumtafuta mwingine. Ile nusu saa nilikuwa naihitaji, kodi ya chumba ilikuwa imekaribia, na sikuelewa nimekosea wapi mpaka nilipofika kituo cha basi. Swali lenyewe maana yake ni "utaona vibaya?" Kwa hiyo anayekubali anajibu hapana: "No, not at all." Wenyeji wengine nao hujibu "Yeah, sure", na sauti inaonyesha wamekubali. Wewe ukiwa na wasiwasi, acha "yes" na "no" zote mbili, sema "Sure, no problem."

Kwenye WhatsApp kuna jingine. Sisi tukiandika "Hi, how are you?" tunasubiri tujibiwe kwanza ndipo tuseme shida, kwa sababu kutanguliza shida kabla ya salamu ni kukosa heshima, na mimi bado naamini hivyo. Lakini kwa Waingereza, mtu akiona salamu peke yake anabaki kujiuliza unataka nini. Weka vyote pamoja: "Hi, hope you're well. Any chance you could swap Saturday with me? No worries if not." Yaani unaomba mbadilishane zamu ya Jumamosi, na kama haiwezekani si neno. Hayo maneno ya mwisho usiyaache, yanampa mwenzako nafasi ya kukataa bila aibu. Akikataa, usimuulize sababu. Mwambie "No worries, thanks anyway."

Haya yote yaweke kando hatari inapoingia. Kuna asubuhi mzee mmoja alianza kuteleza kutoka kwenye kiti cha bafuni. Nimemshika kwapani, sakafu imejaa sabuni, mikono inaniishia nguvu. Hapo huulizi kama mtu ana sekunde. Nilipaza sauti, "I need help in here, now!" Wakaja wawili mbio. Tukamkalisha vizuri, tukamfunika taulo. Alikuwa anatetemeka, nami pia. Akanishika kiganja akasema, "Ta, love." Hiyo "ta" ni asante.