Mshubiri, Ini na Figo

SWALI: Nina miaka 52 na natumia dawa za presha. Kwa wiki tatu nasaga jani zima la mshubiri, ganda na yote, nakunywa glasi moja asubuhi ili kusafisha ini na figo. Naharisha, na sasa mkojo umekuwa mwekundu. Niendelee?
Msomaji, Tanga

JIBU: Acha leo. Katikati ya jani kuna ute usio na rangi. Chini ya ganda kuna utomvu wa manjano, na ule uchungu wa shubiri unatoka humo. Una aloini, kiharishi kikali. Mwaka 2002 Marekani iliviondoa viharishi vya mshubiri katika dawa zinazouzwa bila cheti kwa kukosa ushahidi wa usalama.

Ukiharisha unapoteza maji na potasiamu (madini yanayosaidia moyo kupiga sawasawa), na damu inayofika kwenye figo inapungua. Kama dawa yako ya presha ni ya kukojosha, mfano furosemaidi, potasiamu inatoka kwa njia mbili na moyo unaweza kupiga ovyo. Gramu moja ya utomvu kwa siku, siku chache mfululizo, inaweza kuzifanya figo zishindwe kazi.

Mkojo mwekundu huenda ni rangi ya utomvu tu, ila usijipe moyo: upimwe kama una damu. Omba pia vipimo vya damu: kreatinini (taka inayochujwa na figo) na potasiamu, na kwa ini ALT na AST (vimeng'enya vya ini) na bilirubini (rangi ya manjano inayotolewa na ini), maana wapo waliopata homa ya ini baada ya kutumia mshubiri kwa wiki au miezi. Wengi walipona walipoacha. Macho yakiwa manjano au mkojo ukifanana na chai ya rangi, nenda hospitali siku hiyohiyo. Dozi ya presha aamue daktari, na umweleze kuhusu mshubiri bila kuficha.

Tena, ini na figo ndizo zinazosafisha damu. Hazihitaji kusafishwa.

SWALI: Je, ute peke yake?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Hatari yake ni ndogo zaidi. Kata jani shinani, lisimamishe kwenye kikombe, upande uliokatwa chini, kwa dakika 15 utomvu uchuruzike. Ondoa kingo zenye miiba, menya ganda kwa unene, osha ute mara mbili tatu. Onja: ukiwa bado mchungu, utomvu umebaki, umwage. Mishubiri pori usiiguse, mingine ni sumu. Wajawazito, wanaonyonyesha, watoto na wenye ugonjwa wa figo au ini wasiunywe kabisa. Kupaka kwenye ngozi si tatizo.