Ufeministi upimeni siku ya talaka, sio siku ya harusi

Wiki hii mmeuliza ufeministi maana yake nini hasa na kama kweli ndo unaovunja ndoa za watu. Mimi ni karani kwenye ofisi ya wakili hapa Mwanza, kazi yangu ni kuchapa na kupanga mafaili, kwa hiyo ndoa nazipokea zikishafika pabaya, kwenye sendofu huko watu wanakotunzana majiko na madera siitwi. Na navyoona mimi watu wanabishana bure kuhusu nani apike na nani amvue mwenzie viatu akirudi kazini, wakati ufeministi wenyewe wala hauna habari na ugali wako. Unauliza tu huyu mwanamke kwenye sheria, kwenye mali na kwenye kazi anahesabiwa kama mtu mzima au anahesabiwa na makochi?

Tuanze na golikipa, yaani mke wa kukaa nyumbani, mana ndo anachekwa kuliko wote. Hana ajira, anaamka saa kumi na moja, watoto waende shule, maji, sokoni, mama mkwe mgonjwa chumba cha nyuma, miaka inakatika hivyo hivyo, alafu siku ya talaka mume anakuja na risiti za saruji na mabati anasema nyumba nimejenga mwenyewe huyu alikuwa anakula na kulala. Na jamani msidhani anatania, zamani hata majaji walikuwa wanagongana kwenye hilo, huyu anasema kazi ya nyumbani ni mchango mwingine anasema ni wajibu wa mke tu basi. Mpaka mwaka 1983 kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu akiwa Nyalali, ndo ikakata mzizi wa fitina kwamba kupika, kulea na kutunza nyumba ni kazi na inaingia kwenye hesabu ya mali iliyochumwa pamoja, kwa sababu kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinataja mchango wa pesa, mali au kazi.

Sasa utamu wa hiyo kesi ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu! Mahakama ilisema ndiyo mama kazi yako ina thamani, lakini mumeo alishakupa hela za mradi wa familia ukazitapanya, kwa hiyo fungu lako umeshalila. Nikisikia mtu anasema ufeministi ni kumpendelea mwanamke hata akikosea huwa natamani nimpe hilo faili asome. Alihesabiwa kama mtu mzima, na mtu mzima akila mtaji anaulizwa.

Lingine linalonichosha ni hili la "haya mambo ni ya Wazungu". Kuna bibi mmoja wa Muleba, Bi Holaria Pastory, baba yake alimwachia shamba la ukoo kwa wosia kabisa, akazeeka hana wa kumtunza, mwaka 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu wa nje ya ukoo. Mtoto wa ndugu yake akaenda mahakamani, mila ya Kihaya hairuhusu mwanamke kuuza shamba la ukoo, mwanaume ruksa. Mahakama ya mwanzo ikampa ushindi huyo mtoto wa ndugu. Kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu hapa hapa Mwanza na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akasema katiba imekataza ubaguzi, mwanamke ana haki ile ile ya kurithi na kuuza kama mwanaume. Sasa hapo Mzungu yuko wapi? Ni bibi kizee kachoka anataka hela ya kula.

Na Mwalimu Nyerere naye mwaka 1967 kwenye andiko lake la Ujamaa Vijijini aliisifia sana jamii yetu ya asili lakini hakuficha, alikiri kwamba wanawake walikuwa wanabebeshwa kazi kuliko haki yao shambani na nyumbani na kwamba hilo haliendani na usawa tunaoutaka. Bibi Titi alishaanza kuwakusanya kina mama wa Dar kwenye TANU mwaka 1955, wengi wao wa vikundi vya ngoma, wapika pombe na wauza vitumbua, hakuna hata mmoja aliyekuwa anasubiri semina.

Nikubali lakini, wapo dada zetu wanaolichafua jina. Yule ambaye hela ya mume ni yetu na hela yangu ni yangu, mtoko alipe mwanaume, kodi alipe mwanaume, ila kwenye maamuzi anataka haki sawa, huyo anatafuta mfadhili jamani tusimsingizie ufeministi. Na kuna kaka zetu nao wana kiwimbo chao, "haki sawa basi simama kwenye daladala", mbona tunasimama kila siku Buzuruga mpaka mjini, nani aliwahi kutuachia siti? Mwachieni mjamzito na mzee inatosha.

Kipigo sijui hata kama kinahitaji maelezo. Kifungu cha 66 cha Sheria hiyo hiyo ya Ndoa ya 1971 kinasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenza wake kwa kumpiga, na ni mume na mke wote, kwa hiyo baba unayepigwa ndani ukaona aibu kusema njoo tu ofisini, kifungu ni hicho hicho.

Maana watu wanadhani wanaume hamna chenu humu. Angalieni likizo ya uzazi, sheria ya ajira ya 2004 ilimpa mama siku 84 na baba siku 3. Siku tatu! Mke kafanyiwa opereisheni, kuinama hawezi, mtoto analia usiku kucha, na wewe siku ya nne unatakiwa kazini kwa sababu aliyepanga aliona mtoto ni kazi ya mama, baba anapita kusalimia. Nimewasikia wengi mkilalamika kwamba hazitoshi na mnalalamika kwa haki kabisa, sema tu mkimaliza kulalamika hapo msihamie kibanda cha kahawa kuwatukana mafeministi, kwa sababu wao wanadai hicho hicho mnachokitaka nyie.