Goti bovu na sanamu za Bretton

Shikamoo mama. Umeuliza kama siku moja itakutosha kutembelea Yorkshire Sculpture Park, ile bustani ya sanamu ya Uingereza, utakapokuwa Leeds kwa binti yako mwezi wa Oktoba, ilhali goti lako halipendi vilima. Itatosha, mradi usikusudie kumaliza kila kitu, kwa kuwa mahali penyewe, palipokuwa viwanja vya jumba la Bretton la karne ya 18 na kufunguliwa kwa ajili ya sanamu mwaka 1977, pana ukubwa wa takriban ekari 500.

Anza na "The Family of Man" ya Barbara Hepworth, mzaliwa wa Wakefield hapo jirani: sanamu 9 za shaba nyeusi zilizosimama mteremkoni, kila moja ikiwa ni vipande vilivyopandishwa kimoja juu ya kingine. Kwenye sanamu za mchongaji Henry Moore usiwashangae kondoo, kwani hula majani kati ya sanamu kama mbuzi wetu wanavyopita kwenye mawe ya Chamwino.

Viatu ndilo jambo la kuzingatia. Sisi tuliozoea vumbi la Dodoma hudhani nyasi mbichi ni zulia. Mimi niliingia na viatu vya ngozi, nikatoka soksi zikichuruzika maji.

Goti likigoma, pumzika katika banda la zamani la kulungu, ambalo msanii James Turrell aliligeuza mwaka 2006 kuwa chumba chenye tundu la mraba darini, ukae ukitazama mawingu yakipita. Upande wa maziwa ya maji mwachie binti.