Kizunguzungu Ukisimama: Pima Presha, Kisha Tazama Mapigo

Ukiinuka kitandani, mililita 500 hadi 800 za damu huteremkia tumboni na miguuni. Vihisi vya presha vilivyo kwenye mishipa mikubwa ya shingo na kwenye upinde wa aota (mshipa mkuu unaotoka moyoni) hutambua kwamba kuta za mishipa hazitanuki kama mwanzo, na habari hufika kwenye shina la ubongo. Papo hapo neva za simpathetiki huharakisha moyo na kubana mishipa ya damu. Yote haya hufanyika bila wewe kuamua lolote.

Hatua hizo zikikwama, macho huingia giza. Wengi hukimbilia vidonge vya kuongeza damu, na hapo ndipo muda unapopotea. Pima kwanza. Lala chali dakika 5, pima presha na mapigo. Simama, pima tena dakika ya 1 na ya 3. Mkono uegemezwe usawa wa moyo, kwa sababu ukining'inia mashine husoma juu kuliko hali halisi na tatizo hujificha.

Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, presha yako inashuka ukisimama. Sasa rudi kwenye mapigo, kipimo ambacho watu hukipuuza mno. Yakipanda sana, neva kwa kawaida zinajitahidi ila damu haitoshi: umeharisha, umetapika, umevuja damu au unatumia dawa za kukojoza. Yakibaki karibu palepale, shuku neva zenyewe, hasa kwa mwenye kisukari cha miaka mingi au Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa). Lakini dawa za kupunguza kasi ya moyo nazo huleta picha hiyohiyo. Kwa hiyo andika vipimo pamoja na saa ulizomeza dawa, umpelekee daktari. Usiache dawa kwa uamuzi wako.

Kabla ya kusimama, kaa ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili huku ukichezesha vifundo vya miguu. Giza likikukuta umesimama, pishanisha miguu, ukaze mapaja na makalio. Lisipoondoka, chuchumaa au lala. Aliyezimia alazwe chini mara moja, kwani kumshikilia asimame kunauzuilia ubongo damu. Akizimia katikati ya mazoezi, au akiwa na maumivu ya kifua, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.