Jibu: Punda hali chakula, ila haonyeshi maumivu. Nianzie wapi?

Salamu mkuu. Unasema punda hajala tangu jana, hagaragari, na mwenye punda anadai ni uchovu tu. Usimwamini. Nikiwa mwanafunzi wa udaktari wa mifugo kwenye mazoezi Lamu nilidanganyika hivyohivyo: nilimtarajia farasi wa vitabuni anayejibwaga chini kwa maumivu ya tumbo, kumbe punda ananyamaza tu, masikio yamelala.

Tazama ufizi kwanza, kisha hesabu mapigo ya moyo dakika nzima, nyuma ya kiwiko cha kushoto. Akitulia huwa kama 36 hadi 52. Sikiliza tumbo pande zote mbili. Uliza kama anazurura jaani, maana mifuko ya plastiki huziba utumbo.

Punda asipokula, mafuta humjaa kwenye damu, kwa hiyo mwite daktari anayekusimamia leo. Mrija wa kupitisha puani hadi tumboni uache; mimi mwenyewe sijawahi kuupitisha peke yangu.